Mashine ya Kuchongea Chuma Iliyoundwa Nyumbani, na Namna ya Kuitia Mafuta

Leo nitasema nanyi juu ya kazi ambayo wengi huidhani kuwa haiwezekani ila katika viwanda vikubwa, nayo ni kuunda nyumbani mashine ya kuchongea chuma. Sisemi habari za kinu cha kusagia mahindi. Nasema habari za mashine yenye kisu cha mviringo kilichojaa meno. Kisu hicho huzunguka mahali pake, na kipande cha chuma hufungwa juu ya meza na kusogezwa polepole chini ya meno, hata uso wake ukawa sawa, au ukapata mfereji, au ukapata pembe kamili. Keezo huzungusha kazi, na kisu hukaa. Mashine hii huzungusha kisu, na kazi ndiyo isogeayo.

Mashine za namna hii zilianza kutumika Marekani mapema katika karne ya 19, katika viwanda vya bunduki vilivyotaka vipande vinavyofanana. Mwaka 1862 Joseph R. Brown, fundi wa mji wa Providence, aliunda moja iliyoweza kuchonga ile mifereji ya kekee inayozunguka mfano wa kamba iliyosokotwa; kabla ya hapo mifereji hiyo ilikuwa ikitiwa kwa tupa, kazi ya mkono na ya kuchosha. Ama katika habari ya kuiunda nyumbani, jina linalojulikana sana ni la Dave Gingery, Mmarekani wa jimbo la Missouri, aliyeandika mfululizo wa vitabu vidogo saba vya kumfundisha mtu kujenga karakana yake kwa vyuma chakavu. Kitabu cha kwanza chafundisha kufanya tanuri ya makaa ya kuyeyushia aluminiamu. Cha pili chafundisha kuunda keezo. Cha tatu mashine ya kurandia chuma. Na cha nne ndicho cha mashine tunayoitaja leo. Mpango huo una maana yake, kwa kuwa kila chombo chasaidia kuzaa chombo kinachofuata, na mwenye kuanza na makaa na udongo aweza kumaliza akiwa na karakana.

Lakini wengi walioanza kazi hii wameshindwa, si katika kuunda mashine, bali katika kuidumisha. Hufikiri habari za chuma miezi mingi, na habari za mafuta hufikiri siku ya mwisho, wakishika kopo mkononi na kutafuta pa kulitilia. Siku hiyo wamekwisha kuchelewa. Tundu la kupitishia mafuta latakiwa kutobolewa wakati kipande kingali mezani peke yake, na mfereji wa kuyaeneza watakiwa kuchongwa kabla ya nyuso mbili kuwekwa pamoja. Mashine isiyo na njia ya mafuta hujila yenyewe. Yaweza kuchonga vema katika mwezi wa kwanza, kisha meza ikaanza kulegea katikati na kukaza kwenye ncha, na usahihi wote uliotafutwa kwa jasho ukapotea usirudi.

Tuanze na mwili wa mashine. Kisu chenye meno manne, kikizunguka mara 600 kwa dakika, hupiga chuma mara 40 katika kila sekunde. Hayo ni mapigo hasa, si kukata kwa utulivu kama kisu kinavyokata nyama, na kila pigo huvuta nguzo, meza na kitako, na kuvipinda kidogo. Mashine ikipindika na kurudi, kisu huacha alama za mawimbi juu ya kazi, meno huvunjika, na fundi husikia mlio mkali usiosahaulika. Basi jambo la kwanza ni mwili usiopindika. Hapa iko hesabu moja ambayo kila aundaye mashine aijue kwa moyo. Boriti iliyoshikwa upande mmoja, ukirefusha mara mbili sehemu inayojitokeza, hupindika si mara mbili, bali mara nane. Tena, ukiongeza kimo cha boriti hiyo mara mbili, kupindika kwake hupungua hata sehemu moja katika nane. Kwa hiyo inchi moja ya kupunguza urefu ina faida kuliko ratili nyingi za chuma kilichorundikwa ovyo; na kisu kilichojitokeza milimita 25 ni kitu kingine kabisa na kisu kile kile kilichojitokeza milimita 50.

Kuna uchaguzi wa madini pia. Feleji haikubali kupindika kiasi cha mara tatu kuliko aluminiamu. Chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ki katikati. Walakini chuma cha kusubu kina sifa ambayo feleji haina: kimejaa ndani yake vipande vyembamba vya grafaiti, navyo huyameza mapigo na kuyazima upesi. Gonga kengele ya feleji, italia. Gonga kipande cha kusubu, kitanyamaza mara. Wale wasio na tanuri kubwa la kuyeyushia chuma hutumia mabomba mazito ya feleji ya pembe nne, wakayajaza mchanganyiko wa kokoto za matale na gundi ya epoksi, nao hufanya kazi ile ile ya kuzima mtetemeko. Ila anayeunganisha kwa kuchomelea na akumbuke kwamba moto wa kuchomelea huacha mvutano ndani ya chuma. Akikisawazisha siku ile ile, kitapinda baadaye chenyewe. Viwanda hukipasha moto tena hata digrii 600 hivi, kisha hukiacha kipoe polepole sana.

Sasa twaja kwenye nyuso zinazotelezana. Meza hutembea juu ya tandiko, na tandiko hutembea juu ya kitako, na kichwa hupanda na kushuka katika nguzo. Mahali pale panapotelezwa nitapaita njia. Njia hazina budi kuwa sawa kabisa, na swali ni hili: mtu asiye na mashine ya kusawazisha atapataje kitu kilicho sawa? Jibu lilielezwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1840. Chukua mabamba mawili, paka moja rangi ya buluu kidogo sana, yasugue pamoja, kisha kwangua kwa chombo kikali kila mahali palipoguswa na rangi. Rudia hata yakubaliane. Lakini mawili yaweza kukubaliana hali moja limebonyea na la pili limevimba, kama bakuli na tumbo la bakuli jingine. Kwa hiyo chukua na la tatu. La kwanza likikubaliana na la pili, na la pili na la tatu, na la tatu na la kwanza, basi hakuna njia nyingine ila kwamba yote matatu yamenyooka. Naona uzuri mkubwa katika jambo hili, kwamba unyofu wapatikana pasipo kitu kilichonyooka cha kuigizia. Mikono na subira vyatosha.

Kukwangua huko kuna faida ya pili, nayo yatuingiza katika habari ya mafuta. Uso uliokwanguliwa umejaa vilima vidogo vilivyo sawa kwa kimo, na baina yake mabonde ambayo kina chake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Mabonde hayo hushika mafuta. Nyuso mbili zilizolainishwa mno kama kioo hushikamana zikikaa pamoja, maana mafuta hufukuzwa yote, na meza hukataa kuondoka.

Kazi ya mafuta ilikuwa haijaeleweka vema hata mwaka 1883. Katika mwaka huo Beauchamp Tower, aliyekuwa akifanya majaribio kwa ajili ya chama cha wahandisi wa mashine cha Uingereza, alichukua mti wa chuma mfano wa ekseli ya gari la moshi, upana wake inchi 4, akauzungusha chini ya kipande cha shaba kilichobeba uzito, na sehemu ya chini ya mti ikawa inaoga katika mafuta. Kisha alitoboa tundu juu ya kipande kile cha shaba ili atie chombo cha kudondosha mafuta. Alipouzungusha mti tena, aliona ajabu: mafuta hayakuingia tunduni, yalitoka! Akaliziba tundu kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Ndipo alipofunga saa ya kupimia nguvu, na mshale wake ukapita ratili 200 kwa kila inchi ya mraba, hali uzito wenyewe uliokuwa juu ya shaba haukuzidi ratili 100 kwa inchi, ukigawanywa sawasawa.

Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu sababu yake. Mti uzungukao huyakokota mafuta na kuyaingiza mahali panapozidi kuwa pembamba, mfano wa kabari. Na mafuta, kwa kuwa hayana pa kwenda upesi, husukuma na kuinua mzigo wote. Chuma hakigusi chuma. Kinachobeba uzito ni utando wa mafuta, mwembamba kuliko unywele. Na funzo kwa mwundaji ni wazi: tundu la mafuta lisiwekwe pale ambapo mzigo wakandamiza sana, maana hapo si mlango wa kuingilia bali wa kutokea, liwekwe upande usio na mzigo, na mti wenyewe utayapeleka.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mhimili, yaani ule mti unaoshika kisu na kuzunguka. Ama meza ya mashine yetu, mambo ni mengine. Meza haizunguki, yaenda polepole, pengine milimita chache kwa sekunde, kisha yasimama, kisha yarudi. Kabari ya mafuta haipati nguvu ya kuiinua. Vilima vya chuma hugusana hapa na pale, na mafuta hufanya kazi ya kuvitenga tu kadiri yawezavyo. Hapo ndipo patokeapo ugonjwa ambao kila mtumiaji wa mashine aujua: wazungusha mkono wa parafujo kidogo, meza haiondoki, waongeza kidogo, haiondoki, mara yaruka na kupita ulipotaka. Sababu ni kwamba msuguano wa kitu kilichosimama ni mkubwa kuliko wa kitu kinachokwenda. Parafujo hujikaza kama kamba ya upinde, na meza ikiachilia huruka. Fundi hulaumu parafujo, na kumbe mwenye kosa ni mafuta.

Kwa hiyo mashine moja yataka mafuta ya namna mbili, na kuyatumia kwa kubadilishana ni kuharibu. Kwa njia za kutelezea kuna mafuta yaliyotengenezwa makusudi, yenye kunata, yaliyotiwa dawa ya kushika chuma na kupunguza ule msuguano wa kuanzia mwendo. Kwa mashine ndogo namba yake huwa 68. Namba hii ni kipimo cha uzito wa kutiririka katika joto la digrii 40, na mafuta hayo hutiririka kwa uzito wa kiasi cha mara mia kuliko maji. Njia zilizosimama wima, ambako mafuta hupenda kushuka na kukimbia, hupewa mazito zaidi, namba 220. Mhimili uendao kasi wataka mafuta mepesi, namba 10 hata 22, kama umeundwa kwa kuogeshwa mafuta. Lakini kwa mhimili wa nyumbani wenye beringi za mipira au za magurudumu madogo, grisi yatosha, nayo isishindiliwe. Theluthi moja ya nafasi iliyo wazi ndani ya beringi ni kadiri njema; ikijazwa tele, grisi hukorogwa, hupata moto, hata beringi ikaungua kwa wingi wa kile kilichotiwa kuiponya.

Wengi huuliza kama mafuta ya motokaa hayafai. Yafaa kuliko kukosa. Lakini yametiwa dawa ya kushika uchafu ili usitulie, uchujwe na chujio la injini. Na mashine yetu haina chujio. Mafuta ya motokaa yaliyokwisha kutumika yasiguse njia kamwe, kwa kuwa yamebeba masizi na unga wa chuma. Ama mafuta ya kupikia, mwanzo yateleza vizuri mno, baadaye hugeuka kuwa gundi. Hata mafuta ya nyonyo, ambayo yalitumika katika injini za ndege nyingi wakati wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918, yana tabia hiyo ya kuganda kuwa utomvu. Na grisi isipakwe katika njia zilizo wazi: hunasa chenga za chuma, na chenga na grisi pamoja ni jiwe la kunolea.

Nimekuja sasa kwenye jambo lililo kiini cha mazungumzo haya, yaani mahali pa mifereji na mirija. Mifereji ichongwe katika kile kipande kifupi kilicho juu, si katika ile njia ndefu ya chini, maana ya chini hufunuliwa meza ikisogea, na chenga zingeingia humo. Upana wa milimita 3 na kina cha milimita 1 na nusu vyatosha kwa mashine ndogo. Uende mshazari, ukikatiza mwendo, ili mwendo wenyewe uyatandaze mafuta; mfereji unaofuata urefu wa njia hulainisha mstari mmoja tu na kuacha pande zote mbili kavu. Kingo zake zilainishwe kwa tupa, kwa kuwa ukingo mkali hukwangua mafuta badala ya kuyaeneza. Tena, na hapa ndipo wengi wanapopotea, mfereji ukome milimita 6 hata 10 kabla ya kufika ukingo wa kipande. Ukiufikisha ukingoni umefungua mlango: mafuta yote yatatoka nje, na sakafu itapata mafuta vizuri kuliko mashine. Kwa njia ya wima, mafuta yaingilie juu.

Kisha mirija. Mtu hununua pampu ndogo ya mkono, akatoa mrija mmoja mkubwa, na katika mrija huo akatoa matawi sita au manane ya kwenda kila njia na kila nati ya parafujo. Avutapo pampu huona mafuta yakichuruzika mahali pamoja, akaridhika. Lakini mafuta, kama maji, hufuata njia nyepesi. Pale palipolegea hupata yote, na pale palipokaza, ambapo ndipo penye mzigo na haja, hapapati kitu. Dawa yake ni kutia katika mwanzo wa kila tawi kizuizi chenye tundu jembamba sana, jembamba kiasi kwamba ugumu wa kupita humo wazidi kwa mbali ugumu wa njia yo yote. Hapo tofauti za njia huwa si kitu, na kila mmoja hupata fungu lake. Vizuizi hivyo huuzwa vikiwa na chujio na kilango cha kuzuia mafuta yasirudi nyuma, na mrija hukaa umejaa hata asubuhi. Asiyeweza kuvipata na aache pampu kabisa, aweke kwa kila mahali tundu lake lenye kifuniko, akatie kwa mkono kila aanzapo kazi. Kwa maoni yangu matundu manane yanayoonekana ni bora kuliko mfumo mmoja unaodanganya.

Habari ya nati na parafujo nitaipita upesi. Nayo ipewe tundu lake la mafuta, na mchezo uliopo baina yake na parafujo upunguzwe kadiri iwezekanavyo. Mpaka mchezo huo umekwisha, kazi isogezwe kuelekea meno, kinyume cha mzunguko wa kisu. Ikisogezwa pamoja na mzunguko, kisu huidaka na kuivuta meza ghafula kwa kadiri ya mchezo uliopo, na mara nyingi huo ndio mwisho wa kisu.

Chenga zizuiwe zisifike katika njia. Kila ncha ya tandiko ifungwe kipande cha sufu iliyoshindiliwa, kilicholoweshwa mafuta, kiwe mfagio wa njia meza ikipita. Chuma cha kusubu huchongwa kikavu, na unga wake mweusi ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa ni mwepesi na mkali. Siku ya kuuchonga tandika kitambaa juu ya njia. Aluminiamu hupenda mafuta ya taa kidogo, yapakwe kwa burashi wakati kisu kimesimama, wala isiwe karibu na moto. Maji yaliyochanganywa na mafuta ya kukatia ni mazuri kwa kisu, ila huosha njia, na baada ya kuyatumia njia zifutwe na kutiwa mafuta upya siku ile ile. Katika miji ya pwani, ambako upepo hubeba chumvi, chuma kilichoachwa kitupu hushika kutu upesi sana, basi utando wa mafuta hufanya na kazi ya nguo.

Siku ya kwanza usikate kitu. Tia mafuta, sogeza meza toka ncha hata ncha mara hamsini, kisha futa ukingo wa njia kwa kitambaa cheupe utazame. Mafuta yatakuwa na rangi ya kijivu, nayo ni unga wa vile vilima vilivyokuwa virefu kupita wenzake. Futa yote, tia mapya, rudia. Mara ya tatu au ya nne yatatoka karibu safi. Kisha tazama kama mstari mwembamba wa unyevu waonekana kwa urefu wote, pande zote mbili za kila njia. Ukiona upande mmoja ni mkavu, au mafuta yakaendelea kutoka meusi, usiongeze mafuta kwa kutumaini. Fungua meza, puliza mrija ule, na uangalie kama mfereji wafika pale ulipokusudia.